Nimemlipa makanika pesa zote, sasa amekataa na tuktuk yangu

Kwako Wakili,

Salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, Mombasa. Nina tuktuk niliyoinunua kwa mkopo wa chama, na mkopo nilishaumaliza. Siendeshi mwenyewe. Nina dereva anayeniletea shilingi 700 kila jioni, siku sita kwa wiki, na hizo ndizo karo, kodi na unga.

Mwezi wa tatu injini ilianza kutoa moshi na kula oili. Nikaipeleka kwa makanika upande wa Bamburi ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Akaifungua, akaniambia yataka pistoni, ringi na gasketi mpya, na ufundi wake, jumla shilingi 42,000. Hatukuandikiana mkataba, ila hesabu aliniletea kwa WhatsApp nami nikamjibu, "Sawa shemeji, anza." Nilimtumia 25,000 siku hiyo hiyo kwa M-Pesa, na 17,000 zilizobaki wiki tatu baadaye, aliponiambia imebaki kufungwa tu.

Tangu hapo ni njoo kesho. Mara aliyechonga silinda amesafiri, mara spea imekwama Nairobi. Mwezi wa tano akaja na hesabu mpya: nimwongeze 23,000 kwa sababu alibadilisha krenkshafti. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia abadilishe. Akasema alimpigia dereva wangu akajibiwa, "Fanya tu, mama atalipa." Dereva anakiri kusema "fanya tu", lakini aapa hakutajiwa bei. Juu ya hiyo, shemeji anadai shilingi 200 za kila siku, eti tuktuk imelala gerejini kwake.

Kilichonitoa machozi ni cha wiki iliyopita. Jirani yangu ameiona tuktuk hiyo hiyo Mtwapa, imebeba abiria. Aliitambua kwa namba na kwa maandishi yaliyo nyuma. Nikampigia shemeji, akanijibu kwamba alikuwa anaijaribu. Anaijaribu na abiria na mizigo yao?

Mama mkwe asema nisimpeleke ndugu serikalini, bora tukae tuzungumze, na tukishindwana twende kwa Kadhi kwani sote ni Waislamu. Kaka yangu ataka aende usiku na vijana waivute. Askari niliyemkuta kituoni aliniambia haya ni madai, polisi hawahusiki. Nimechanganyikiwa. Nifanye nini?

Mama Tuktuk, Kisauni

*

Mama Tuktuk,

Pole sana. Naanza na kaka yako kwa sababu ndiye mwenye haraka kuliko wote: mzuie, leo. Kuvunja gereji ya mtu usiku ni kosa la jinai hata kama kilichomo ndani ni chako, na asubuhi yake shemeji yako ndiye atakayekuwa mlalamishi kituoni, nawe utakuwa unatafuta dhamana ya ndugu yako. Na kabla hujashawishika, usiweke picha yake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ukamwita mwizi. Utampa kesi ya kukuchafulia jina wakati yeye ndiye aliye na la kujibu.

Sasa haki yako. Ni lazima kwanza nikueleze haki yake, kwa sababu anayo, na akifika mbele ya mwamuzi ndiyo atakayoishika. Fundi aliyetia jasho lake kwenye kitu cha mtu anaruhusiwa kukizuia mpaka alipwe kazi hiyo. Haki hii imo katika sheria za kimila za Uingereza tulizozirithi, zile zilizokuwa zikitumika kule kufikia tarehe 12 Agosti 1897, ambazo Sheria ya Mahakama ya Kenya inaziruhusu bado kutumika hapa pale bunge letu lilipokuwa halijatunga yake. Nami siioni kuwa mbaya. Mafundi wengi wa Mombasa wamefilisishwa na wateja wa "nitakutumia jioni".

Lakini haki hiyo ina mipaka, na shemeji yako ameivuka karibu yote. Inahusu malipo ya kazi iliyofanywa kwenye kitu kile kile. Hawezi kuizuia tuktuk kwa deni la zamani au kwa ugomvi wa kifamilia. Ukishalipa kilichokubaliwa, haki imekwisha. Ni haki ya kukaa na kitu, si ya kukitumia wala kukiuza. Siku alipoitoa gerejini na kuipeleka Mtwapa kusaka nauli, aliacha kuwa fundi anayengoja malipo, akawa mtu anayefanyia biashara mali ya mwenzake bila idhini.

Hizo 200 za kila siku hazinipi shida hata kidogo. Mwaka 1860 majaji wa Baraza la Mabwana la Uingereza, katika kesi ya Somes dhidi ya British Empire Shipping, waliulizwa swali hili hili. Waliotengeneza meli waliizuia kwa ajili ya malipo, kisha wakamdai mwenye meli ada ya kila siku ya gati ilimokuwa imekaa. Wakakataliwa. Anayezuia kitu kwa faida yake mwenyewe hamtozi mwenye kitu gharama ya kukizuia, ila kama walikubaliana tangu mwanzo. Wewe hukukubaliana naye. Na hata angekuwa na haki ya kuzidai, sijui angehesabu vipi siku ambazo tuktuk ililala gerejini ilhali ilikuwa Mtwapa.

Hizo 23,000 ndizo zinazotaka akili. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ndani yake mna sehemu nzima ya matengenezo ya magari ambayo mafundi wengi hawajapata kuisikia, na wateja wao pia. Inamtaka fundi atoe makadirio kabla ya kutoza kazi, na akishayatoa, asitoze zaidi ya asilimia 10 juu yake. Makadirio yako ni ule ujumbe wa WhatsApp. Asilimia 10 ya 42,000 ni 4,200. Kwa hiyo hata tukimhurumia kabisa, hesabu yake ingeishia 46,200, wala haifiki 65,000. Kutaka zaidi kunahitaji idhini yako mpya, na idhini ambayo haikuandikwa inatakiwa iwe na kumbukumbu.

Hapo ndipo "fanya tu" ya dereva inapoingia. Wakili wa shemeji yako, akimpata mmoja, atasema dereva alikuwa mtu wako na alizungumza kwa niaba yako. Jibu lako ni kwamba bei ulipatana wewe, pesa ulituma wewe, na shemeji ana namba yako tangu siku ya harusi yako. Alijua vizuri wa kumuuliza. Dereva aliyeajiriwa kuendesha hana mamlaka ya kukukopea 23,000. Naona jibu hilo litashinda, ila mwambie dereva tangu sasa kuwa ataitwa kutoa ushahidi, na aseme kweli yote, pamoja na hilo neno "fanya tu". Mwamuzi akigundua mmelificha, hatawaamini na mengine.

Halafu muulize shemeji swali moja tu, kwa maandishi: krenkshafti ya zamani iko wapi? Sheria hiyo hiyo inamtaka fundi ajitolee kumrudishia mteja vipuri alivyovitoa. Aliyebadilisha kweli atakuonyesha chuma chakavu, na risiti ya alikonunua kipya. Nina hamu ya kulisikia jibu lake.

Wapo wasomaji wengine walio katika hali ya jirani na yako: fundi anadai nyongeza, kitu hakijatumiwa na mtu, na kila siku kinapokaa bure mwenyewe anapata hasara. Hao huwa nawashauri tofauti. Lipa hiyo nyongeza, andika wazi kwamba unalipa kwa kupinga ili upate mali yako, ichukue ikafanye kazi, kisha udai pesa zako mahakamani. Kwako wewe, tuktuk ya kuleta 4,200 kwa wiki ingezirudisha 23,000 ndani ya wiki sita. Lakini kwa aliyokwisha kuifanya Mtwapa, sikushauri umpe hata senti kabla ya kuiona tuktuk uani kwako. Zile 4,200 za asilimia 10 ziweke akilini, usizitaje kwenye barua. Mkija kusuluhishana mbele ya wazee, hizo ndizo za kumpa afute aibu.

Kuhusu mama mkwe: ana haki nusu. Kaeni mzungumze, mara moja, wawepo watu wawili wazima wasioegemea upande, na kitakachokubaliwa kiandikwe na kutiwa saini pamoja na tarehe ya kurudisha tuktuk. Kikao cha pili na cha tatu nakikataa, maana kila kikao ni wiki nyingine ya nauli kwake. Kwa Kadhi hamtafika mbali. Katiba ya 2010 imeiwekea mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Injini haimo. Kadhi anaweza kuwapatanisha kama mzee mwenye busara, lakini hawezi kutoa amri ya tuktuk kurudi.

Kabla ya kikao, mwandikie barua ya madai. Huhitaji wakili kwa hili. Itume kwa WhatsApp na umpelekee nakala ya karatasi mkononi mbele ya shahidi. Iwe fupi hivi:

"Shemeji, tarehe fulani nilikukabidhi tuktuk yangu namba fulani uitengeneze kwa shilingi 42,000. Nimekulipa zote kwa M-Pesa, 25,000 na 17,000, na kumbukumbu ninazo. Sikuidhinisha kazi nyingine wala ada ya kulaza. Nakutaka unirudishie tuktuk ikiwa kamili, pamoja na vipuri ulivyovitoa, ndani ya siku 7 tangu leo. Sikukupa ruhusa kuiendesha barabarani wala kubeba abiria, na nakutaka ukome mara moja. Siku 7 zikipita nitafungua kesi kudai tuktuk au thamani yake, pamoja na mapato niliyopoteza na gharama."

Lile la kuiendesha barabarani usilifute, hata ukiona linamkasirisha. Tuktuk ina jina lako kwenye kitabu cha umiliki. Ikimgonga mtu Mtwapa leo, wa kwanza kutafutwa ni wewe, na kama bima imekwisha muda wake huku ikiwa imeegeshwa, mzigo ni mzito zaidi. Barua hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba hukuiruhusu itembee. Kwa sababu hiyo hiyo rudi kituo cha polisi, safari hii si kumshtaki mtu kwa deni, bali kuandikisha katika kitabu cha matukio kwamba gari lako linatumiwa bila idhini yako. Dai namba ya OB na uihifadhi. Mjulishe na mwenye bima.

Askari yule hakukosea kabisa. Fundi anayebishana nawe kuhusu bei ni mgogoro wa madai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Lakini mambo yakigeuka, nao wanahusika. Kifungu cha 283 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia wizi wa mtu aliyekabidhiwa mali kwa kazi maalumu. Ukisikia ameiuza, ameifungua na kuuza vipuri, au anakana kuwa ulimpa tuktuk yoyote, usingoje siku 7 ziishe. Kitabu cha umiliki kifiche mahali pazuri na nywila yako ya eCitizen usimpe mtu, hata mtoto wa mama mkwe anayejua kompyuta. Bila hivyo hawezi kuihamisha kwa jina la mwingine kihalali.

Siku hizo 7 zitumie kukusanya ushahidi. Chapisha mazungumzo yote ya WhatsApp kuanzia ile hesabu ya 42,000. Pata taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo yote mawili. Muombe jirani yako akuandikie alichokiona, siku na mahali. Kama una ndugu Mtwapa ambaye shemeji hamjui, apande hiyo tuktuk kama abiria, apige picha ya namba, na nauli ailipe kwa M-Pesa. Ushahidi wa shilingi 50 wa namna hiyo unazima maneno ya "nilikuwa naijaribu" mara moja.

Asiporudisha, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na Mombasa ipo. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria imetaja kwa jina kesi za kutaka kurudishiwa mali inayohamishika, pamoja na mikataba ya huduma. Yako imo pande zote mbili. Unaweza kujisimamia mwenyewe, kwa Kiswahili. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, na habanwi sana na zile kanuni za ushahidi zinazowatia watu hofu kwenye mahakama nyingine, kwa hiyo ujumbe wa simu hautupwi kwa kukosa muhuri. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria tu.

Namna ya kudai ndiyo inayowaangusha wengi. Usiandike tu "nataka haki yangu". Omba amri ya kurudishiwa tuktuk yenye namba hiyo ya usajili, na isipopatikana, thamani yake. Ukiomba pesa peke yake utapewa hukumu ya pesa, na kumkamua mtu pesa ni safari nyingine. Amri ya kitu chenyewe dalali wa mahakama anaweza kuitekeleza kwa kukifuata kilipo na kukichukua.

Kisha mapato uliyopoteza. Hapa majaji wetu ni wagumu: hasara ya namna hii lazima itajwe kwa tarakimu na ithibitishwe. Ikiwa dereva alikuwa akikutumia hizo 700 kwa M-Pesa, una bahati. Ikiwa alikuwa akikupa mkononi, daftari lako na ushahidi wake ndivyo ulivyo navyo, basi daftari lisiwe limeandikwa jana kwa kalamu moja kurasa zote. Usianze kuhesabu siku injini ilipoharibika, kwa sababu matengenezo yenyewe yana muda wake na huo hakukuibia. Anza pale aliposema imebaki kufungwa tu na ukammalizia malipo, ongeza wiki moja ya kuifunga, kisha hesabu kuanzia hapo. Dai lenye kiasi mwamuzi hulipokea lote. Lililotiwa chumvi hulipunguza, na huanza kukutilia shaka katika mengine.

Usikawie. Kesi za mkataba zina miaka 6 kisheria, lakini anayekaa muda mrefu huulizwa alifanya nini kupunguza hasara yake, na tuktuk inayotembea kila siku barabara ya Malindi inachakaa kwa gharama yako. Ukikwama kuandika hati ya madai, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na huwasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Jambo la mwisho ni la siku atakapoirudisha, maana nadhani akiipata barua na kusikia neno mahakama, atairudisha. Nenda na dereva na makanika mwingine. Linganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kitabu cha umiliki, kwani injini nzima huweza kubadilishwa ukarudishiwa bodi lako na injini ya tuktuk nyingine iliyokufa. Iwasheni, iendesheni, angalieni moshi, betri na tairi ya akiba. Akikuletea karatasi ya kusaini kwamba umepokea kila kitu na huna dai lolote, soma kwanza. Ukiwa bado unataka kudai mapato yako, andika kwa mkono wako, "Nimepokea tuktuk peke yake, madai mengine yanabaki," kisha utie saini.